Wiki Nane Nilizoziandika Ijumaa Moja

Jumatatu, 2 Machi

Nimeletewa mwanachuo wa ualimu kwa mazoezi ya kufundisha. Ni wa kumi na mbili tangu niwe mwalimu mlezi, na ni wa kwanza kukalia kiti changu. Nimeingia darasa la tano asubuhi na daftari la mahudhurio, nikamkuta amekaa juu ya mto wangu, ule niliofuma mwenyewe kwa ajili ya mgongo, anaandika. Amesimama haraka akaniamkia vizuri, nami nimeitikia marahaba, lakini mto ulikuwa umeshabonyea upande usio wangu.

Ni kijana mrefu, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo. Anaongea kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Wanafunzi hawakumaliza hata kipindi kimoja kabla ya kumpa jina, na jina lenyewe limenipendeza: Bwana Nong'ona. Atafundisha hisabati kwa wiki nane, watoto hamsini na wanne, chini ya paa la bati, na mvua ziko njiani. Nimemhurumia kidogo.

Jumanne, 3 Machi

Huruma imekwisha. Leo kwenye chumba cha walimu, mbele ya kila mtu, ameniambia, "Mwalimu, naomba unionyeshe andalio lako la somo la kesho, nijifunze."

Andalio. Mara ya mwisho kuandika andalio la somo, kitinda mimba wangu alikuwa anatambaa. Sasa ananyoa ndevu. Nimemjibu kwamba langu liko kichwani. Mwalimu wa Jiografia amecheka mpaka chai ikamtoka puani. Bwana Nong'ona hakucheka, amefungua daftari lake na kuandika kitu. Nimeshindwa kufanya kazi ya maana hadi saa ya kwenda nyumbani kwa kutaka kujua ameandika nini.

Jumatano, 4 Machi

Mvua imeanza. Kiatu cha kushoto kinavuja.

Ijumaa, 6 Machi

Leo tumepika fomu. Naandika hivyo bila aibu kwa sababu shule nzima inajua. Chuo hutuletea fomu nane kwa kila mwanachuo, moja kwa kila wiki, na mwalimu mlezi anatakiwa akae nyuma ya darasa kipindi kizima, aangalie, halafu aandike alichokiona. Mtu mwenye vipindi ishirini na nane kwa wiki atakaa nyuma saa ngapi? Mwalimu wa Jiografia ndiye aliyetufundisha njia: Ijumaa ya kwanza unajaza zote nane, unapeleka kwa Mkuu zikagongwe muhuri, unasahau. "Mtu huonekana siku ya kwanza," husema, "wiki saba zilizobaki ni kurudiarudia."

Miaka mingine huwa napika kwa upendo. Wiki ya pili mwanachuo anayumba, wiki ya nne anashauriwa na mwalimu mlezi, wiki ya sita anang'ara, wiki ya nane kila mtu anamshukuru mwalimu mlezi. Mwaka huu mkono haukutaka. Wiki ya kwanza: sauti haifiki nyuma. Hiyo ni kweli, nimemsikia nikiwa dirishani. Ya pili: anachelewa vipindi. Ya tatu: hana zana za kufundishia. Ya nne: darasa linamshinda kwa kelele. Ya tano: hasahihishi madaftari. Ya sita: maswali ya wanafunzi anayajibu kwa kubahatisha. Ya saba: ameshauriwa sana lakini habadiliki. Ya nane, kwenye mapendekezo: arudie mazoezi mwaka ujao.

Nimetia sahihi mara nane na tarehe nane, kila Ijumaa na tarehe yake. Imenichukua dakika ishirini na tano, na nimejisikia vizuri kama mtu aliyefua nguo zote.

Jumatatu, 9 Machi

Nimempa Bwana Nong'ona bahasha ya fomu ampelekee Mkuu. Bahasha ilikuwa wazi kwa kuwa gundi ya ofisi imekauka, lakini mtu mwenye adabu hafungui barua ya mtu.

Mkuu wetu anaupenda muhuri kuliko mshahara. Anautembeza kwenye mfuko wa shati, na mashati yake yote yana doa la wino wa zambarau upande wa moyo. Hasomi anachogonga. Ameniambia mchana fomu zimeshapata muhuri na ziko ndani ya kabati la chuma, kwa funguo.

Ijumaa, 13 Machi

Hii ndiyo wiki niliyoandika kwamba anachelewa. Kila siku nimemkuta amefika kabla yangu, ubao umefutwa na madawati yamenyooka. Aliyechelewa ni mimi, mara mbili, kwa ajili ya kiatu.

Alhamisi, 19 Machi

Wiki ya hana zana. Ameingia darasani na gunia. Ndani mna vizibo vya chupa, kamba yenye mafundo, maboksi ya dawa ya meno, na nusu ya mlango. Mlango wenyewe ameuokota kwa seremala, anaufanya saa ya kufundishia nyuzi na pembe. Nimemuuliza kwa nini hakuleta kitu kimoja tu. Akasema, "Nimeona wiki hii nisibahatishe, Mwalimu."

Mtu mwingine angesema kijana ana bidii. Mimi nimesema anajionyesha, na nikamwambia auondoe mlango kwenye korido kabla Mkuu hajaugonga muhuri.

Jumanne, 24 Machi

Lazima niandike kwa kirefu, maana leo nimeona jambo.

Mvua ilianguka kipindi cha tatu, ile ya kumwaga. Mvua ikipiga bati letu hakuna anayefundisha. Hata mimi, ambaye sauti yangu wauza mboga wa barabara ya pili wanaitumia kujua kwamba ni saa nne, huwa nakaa chini na kuwaambia watoto wainamishe vichwa. Niliwainamisha wa darasa la sita, nikatoka koridoni kwenda kuona Bwana Nong'ona amelemewa vipi. Nilikuwa nimeandika wiki hii darasa litamshinda kwa kelele, na nakiri nilikwenda kushuhudia.

Darasa lilikuwa kimya. Kila mtoto alikuwa na kipande cha gazeti. Yeye hakufungua mdomo kabisa. Aliandika ubaoni: kunja mara mbili. Wakakunja. Paka rangi sehemu moja. Wakapaka. Akaandika moja ya nne, akaelekeza kidole kwenye ubao, kisha kwenye karatasi ya mtoto wa mbele, kisha akainua nyusi. Watoto hamsini na wanne wakainua nyusi vilevile. Halafu akakunja tena, akaandika alama ya kuuliza, na mikono ikaenda juu kila upande, na aliyechaguliwa alikimbia ubaoni kuandika moja ya nane. Yule msichana wa dawati la mwisho, ambaye kwangu hajawahi kujibu swali tangu Januari, alikimbia mara mbili.

Nilisimama dirishani mpaka sketi ikalowa. Mvua ilipokatika, darasa lililopiga kelele lilikuwa langu la sita, na Mkuu alinikuta koridoni akaniuliza kulikoni. Nimemjibu nilikuwa namwangalia mwanachuo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo na ikawa kweli.

Jumatano, 25 Machi

Nimemwita tunywe chai. Nimemwambia somo la jana lilikuwa zuri. Ameshtuka, akamwaga chai kwenye sahani.

Ndipo akasema jambo ambalo limeninyima raha. Haya ni mazoezi yake ya pili. Mwaka jana, shule nyingine, alirudishwa kwa sababu ya sauti. "Mara moja wanakuruhusu kurudia, Mwalimu. Nikirudishwa tena, chuo kinanifuta."

"Kinakufuta vipi?"

"Jina linatoka. Narudi nyumbani."

Nimekoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Mimi nilidhani "arudie mwaka ujao" ni adhabu ndogo ya kumshikisha adabu.

Alhamisi, 26 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu kuomba fomu zangu. Nimesema nataka kurekebisha vijineno.

"Fomu ikishapata muhuri," amesema, huku ameshika mfuko wa shati, "si yako tena."

"Lakini Mkuu, wewe mwenyewe umezigonga zote nane, na wiki nne hazijafika."

Ameangalia dirishani. Kisha amesema yeye hakuona fomu yoyote ya wiki ambayo haijafika, kwa sababu ofisi yake haifanyi kitu kama hicho, na kama hakuiona basi haipo, na kama haipo siwezi kurudishiwa. Nimetoka nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Ijumaa, 27 Machi

Nimemweleza mume wangu jioni, mezani. Yeye ni fundi cherehani na hapendi maneno mengi akiwa anakula. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeshona suti, mteja hujampima."

"Ndiyo."

"Na umeishona ndogo makusudi."

"Baba, kula chakula chako."

"Nakula. Mwambie mwenye mwili."

Sikumwambia. Wiki ijayo nitapata njia.

Ijumaa, 3 Aprili

Wiki ya hasahihishi madaftari. Amesahihisha yote mia moja na nane, ya darasa na ya nyumbani, na kila mmoja kamwandikia sentensi yake. Nimesoma ya yule msichana wa nyuma: "Hapa ulikaribia sana, rudi hatua ya tatu." Mimi huwa naandika "Jitahidi". Nimeiandika kwa miaka ishirini na sita, kwa watoto ambao sikujua kama walikuwa wanakaribia au wanakwenda mbali.

Nakiri sasa natamani akosee. Akikosea hata kidogo, fomu zangu zitakuwa na chembe ya ukweli na nitalala vizuri. Hakosei.

Jumatano, 8 Aprili

Wanafunzi wamemuuliza kwa nini sifuri haigawi namba. Amesema, "Sijui kulieleza vizuri. Nipeni mpaka kesho." Nilikuwa nimeandika kwamba anabahatisha.

Alhamisi, 9 Aprili

Amelieleza. Hata mimi nimeelewa, na nimeifundisha sifuri tangu kabla hajazaliwa.

Jumanne, 14 Aprili

Naandika hili kwa fedheha.

Mvua ya jana imetoboa paa la ofisi ya Mkuu, na maji yalikuwa yanadondokea ndoo mbili, moja mlangoni, moja juu ya kabati la chuma. Juu ya kabati kuna upenyo, maji yakipita pale yanaingia droo ya kwanza, na droo ya kwanza ndiyo ya fomu. Mkuu alikuwa mkutanoni. Nimejitolea kumwaga ndoo. Ile ya juu ya kabati nimeimwaga vizuri, nikairudisha, ila nimeirudisha hatua moja pembeni.

Nimefundisha vipindi vitatu nikiomba mvua izidi. Mume wangu akijua, atacheka mpaka sindano ianguke.

Jumatano, 15 Aprili

Kabati limelowa. Mkuu ametoa kila kitu kikauke kwenye baraza. Ombi langu la likizo limeyeyuka, limebaki doa la zambarau. Taarifa za vikao vya miaka mitatu zimegandana na hazitasomeka tena. Fomu nane za Bwana Nong'ona alikuwa amezifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwa sababu, amesema, ni za serikali.

Ameniambia pia mkufunzi wa chuo anakuja Jumatatu.

Ijumaa, 17 Aprili

Bwana Nong'ona amefua koti. Ameniuliza kama nina la kumshauri kabla ya Jumatatu. Nilikuwa nalo, la zile fomu. Nimemwambia azungumze kwa sauti.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo nitaandika yote.

Mkufunzi ni mama wa makamo, mpole, mwenye mkoba mkubwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazama watu. Tumekaa ofisini watatu: yeye, Mkuu, mimi. Bwana Nong'ona alikuwa darasani anajiandaa. Mkufunzi amefungua fomu, akavaa miwani ya kusomea, akasoma ya kwanza mpaka ya nane. Hakuharakisha. Mwisho amevua miwani, akapumua.

"Inasikitisha," amesema. "Mwalimu mwenye uzoefu kama wako, wiki nane, na kila wiki ni kasoro. Kwa fomu hizi sina hata haja ya kuingia darasani. Nitamaliza mambo yake hapahapa nisimpe kijana matumaini ya bure."

Mkuu amesema, "Ndiyo." Akachukua kalamu kumkabidhi.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu. Nilimwona tu yule kijana akirudi nyumbani na lile koti alilolifua, na mdomo ukanitoka.

"Mama, naomba uangalie tarehe ya fomu ya nane."

Amevaa miwani tena. Ameangalia fomu, kisha ameangalia kalenda ya ukutani, kisha fomu.

"Hii ni ya Ijumaa tarehe ishirini na nne," amesema. "Huku kwenu Ijumaa imeshafika?"

Mkuu ameinua macho kwenye tundu la paa na kulichunguza kwa makini sana. Nimeeleza. Nimesema nilizijaza zote Ijumaa ya kwanza, na kwamba hazikuwa za kijana, zilikuwa za kiti changu na andalio langu nisilokuwa nalo. Sikumtaja Mwalimu wa Jiografia. Nimesema pia la ndoo, ingawa hakuna aliyeuliza.

Mkufunzi amemwita Bwana Nong'ona. Amemwambia hali ilivyo, bila kuzungusha. Nimeangalia viatu vyangu.

"Nilikuwa najua," amesema.

Tumegeuka wote.

"Mkuu aliniambia nizipange kwa wiki kabla hajazigonga. Nilizisoma."

"Tangu wiki ya pili?" nimeuliza. "Na ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani, Mwalimu? Zilikuwa na sahihi yako." Ameongea kwa sauti ileile, tumelazimika kuinama ili tumsikie. "Nikaamua kila Jumatatu nisome ya wiki hiyo moyoni, nifanye kinyume chake. Umeandika nitachelewa, nikawahi. Umeandika sina zana, ndiyo maana nikaleta ule mlango."

Nimesikia aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Wiki zote hizo nikisema anajionyesha, kijana alikuwa anapigania jina lake dhidi ya kalamu yangu, na bado kila asubuhi ananiamkia.

Mkufunzi amezichana fomu zote nane mbele ya Mkuu, muhuri na kila kitu. Mkuu amefumba macho. Kisha Mkufunzi ametoa fomu moja tupu mkobani na kunipa. "Sasa utafanya kazi yako," amesema. "Utakaa nyuma, dakika arobaini, utaandika unachokiona. Mimi nitaandika yangu. Tutaziweka pamoja, na hizo mbili ndizo zitakazoamua. Ukimpamba nitajua."

Nimekaa dawati la mwisho pamoja na yule msichana, magoti yakiwa kifuani. Kwa miaka kumi na miwili sijawahi kukaa pale. Somo lilikuwa asilimia. Bwana Nong'ona ameanza vizuri, na vizibo vyake. Lakini katikati amekosea: amesema robo ya sitini ni kumi na mbili. Mtoto mmoja amenyoosha kidole kumsahihisha, naye kwa woga amemwambia akae. Baada ya dakika nzima ndipo akaona kosa, akafuta, akamwita yule mtoto, akamwomba radhi na kumpa chaki. Tangu hapo hakukosea tena. Ila muda ulimwishia, zoezi la mwisho hakulifikia. Na kutoka pale nyuma, kila sentensi ya tatu sikuisikia.

Kalamu imekaa juu ya karatasi muda mrefu. Nilitaka kumwandikia fomu ya dhahabu, nimlipe wiki zote nane kwa mara moja. Msichana wa pembeni amenichungulia akaninong'oneza, "Mwalimu, huandiki?"

Nimeandika. Kosa la robo, na dakika ya woga, na namna alivyomwita mtoto arudi. Muda kuisha. Sauti haifiki nyuma. Nimeandika pia kwamba hakuna mtoto aliyegeuka kutazama nje kwa dakika arobaini, maana nilikuwa nawahesabu.

Jumatano, 22 Aprili

Nimeandikiwa barua ya onyo. Sitakuwa mwalimu mlezi kwa miaka miwili. Mkuu ameigonga muhuri bila kuisoma. Mvua imepungua.

Ijumaa, 24 Aprili

Amefaulu. Alama hamsini na tatu, na ya kufaulu ni hamsini. Nimemkuta darasani anakunja kamba yake ya mafundo, na nakala ya fomu yangu iko mezani. Nilijiandaa kumwomba radhi kwa maneno marefu niliyoyapanga njia nzima. Nimesema tu, "Nisamehe, mwanangu. Na kwa ile robo ya sitini pia, ningeweza kuiacha."

"Ungeiacha nisingekuamini tena," amesema. Akaichukua fomu na kuikunja taratibu ndani ya mfuko wa koti. "Zile nane nilikuwa nazipinga kila wiki, Mwalimu. Hii nimeisoma mara nne, sijapata cha kupinga."

Nimemwambia asubiri. Nimeingia chooni, nimelia kidogo, nimenawa uso, halafu nimeenda kufundisha kipindi cha tano.